Mchukuzi wa ngazi na tangazo lisilokaa ukutani

Saa moja na nusu asubuhi, Tan Shougui anachuchumaa kando ya kitanda kwenye ghorofa ya saba na kumpa mgongo Mama Xiang Peilan, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja. Mama Xiang anamshika mabegani. Tan anapitisha mbeleko pana chini ya mapaja ya ajuza huyo, anaikaza kifuani kwa mafundo mawili, halafu anainuka polepole akiguna.

"Umeongezeka, mama," anasema.

"Ni koti hili. Usinisingizie."

Ngazi ni mia moja na kumi na mbili. Tan anazishuka akiwa ameinama, macho kwenye viatu vyake, mkono mmoja umeshika chuma cha kando ya ngazi. Ghorofa ya nne mlango unafunguka kidogo, jicho linachungulia, mlango unafungwa. Ghorofa ya tatu hivyo hivyo. Hakuna anayewasalimu.

Chini, karibu na ubao wa matangazo, Mzee Luo Zhenfu ameweka kigoda chake tangu alfajiri. Luo ni fundi wa mabasi mstaafu na ndiye msimamizi wa jengo. Analinda karatasi moja iliyobandikwa jana. Kwa bahati mbaya chai ya hapa Chongqing, jiji la milima la China, huisha maji upesi, naye anaingia kwa jirani mara moja kujaza kikombe. Anaporudi, Tan keshafika mlangoni na mzigo wake, na ubaoni imebaki pembe tu ya karatasi.

"Simama hapo hapo, Tan!" anafoka. "Leo nimekupata."

Ni vizuri kueleza mambo yalifikaje hapo.

Tan, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, aliingia jijini akiwa kijana, na mti wa mwanzi begani na kamba mbili, kuwapandishia watu mizigo kutoka gatini. Barabara zikajengwa, vijana wa pikipiki wakaanza kupeleka kila kitu mpaka mlangoni, na kazi ya mwanzi ikamfia mikononi. Miaka sita sasa anabeba watu. Kuna majengo mengi ya zamani yasiyo na lifti, na ndani yake wazee ambao watoto wao wamehamia miji ya mbali. Kumshusha mtu ni yuani hamsini, kumpandisha ni themanini. Kabla ya majira haya ya baridi alikuwa na wateja kumi na mmoja wa kudumu katika mtaa huu.

Ndipo wakazi wakaamua kuweka lifti ya nje. Karatasi ya tangazo ilipaswa kukaa ubaoni siku kumi mfululizo, ili mwenye pingamizi aseme. Ikitoka, hesabu inaanza upya.

Ilitoka siku ya nne. Wakabandika nyingine, ikatoka. Ya tatu nayo ikatoka.

Wa kwanza kushukiwa alikuwa Dada Kou, anayeuza supu ya tambi pale chini na ambaye lifti itamzibia dirisha. Anacheka akikumbuka.

"Walinitazama kama mwizi wa kuku," anasema. "Nikawaambia, mimi nikikataa kitu nakikataa kwa mdomo huu. Kwani mdomo wangu mmewahi kuukuta umelala?"

Hilo hata adui yake asingelipinga. Luo akachukua kalenda, akatia alama siku ambazo karatasi zilitoka. Jumatano. Jumatatu. Ijumaa. Hizo ndizo siku Mama Xiang anazopelekwa hospitali kusafishwa damu, kwa kuwa figo zake zimechoka.

"Nani anapita hapa siku hizo tatu kila wiki?" Luo aliuliza katika kikao cha wakazi. "Na nani atakosa mkate lifti ikija?"

Watu wakageuza vichwa. Kuanzia hapo wateja wakapungua kutoka kumi na mmoja hadi wanne. Familia moja iliendelea kumwita, lakini binti wa mgonjwa alishuka nyuma yake hatua kwa hatua akimrekodi kwa simu.

Mwandishi wa makala haya, kusema kweli, alikuja akiwa ameshaamua. Alimuuliza Tan kama ndiye anayechana karatasi.

"Sijachana."

"Basi ni nani?"

"Mimi natazama ngazi," akajibu, na kuinama kufunga kiatu ambacho hakikuwa kimefunguka. Majibu ya namna hiyo hayamsaidii mtu.

Turudi mlangoni asubuhi ile. Luo anamwamuru atoe mifuko. Tan, Mama Xiang bado mgongoni, anatoa taulo, simu na nusu ya mkate wa mvuke. Dada Kou ametoka na mwiko mkononi. Wakazi wengine watatu wamesimama ngazini.

"Fungua na hiyo mbeleko," Luo anasema. "Umeificha humo."

"Nikifungua ataanguka, mzee."

"Visingizio! Miaka sita tumekufungulia milango yetu, kumbe tunafuga nyoka."

Shingo ya Tan imewiva kwa aibu. Hapo sauti inatoka juu ya bega lake.

"We Luo, mwache kijana wa watu. Nipekue mimi."

Mama Xiang anaingiza mkono ndani ya koti na kutoa karatasi nne zilizokunjwa. Moja bado ina gundi mbichi.

Dada Kou anashusha mwiko. "Mama! Wewe si ndiye uliyekuwa wa kwanza kutia sahihi ya kukubali lifti? Wewe si ndiye wa ghorofa ya saba?"

"Ndiyo maana," anasema Mama Xiang. "Siku niliyotia sahihi, jioni yake mwanangu alipiga simu kutoka Shenzhen. Miezi miwili alikuwa hajapiga. Hakuuliza figo, hakuuliza kama nakula. Aliuliza lifti inakuja lini. Nyumba ya juu isiyo na lifti hainunuliki. Yenye lifti inanunuliwa kama maandazi ya moto. Sasa mnafikiri atauza nyumba na kuniweka wapi?"

"Si ungesema hutaki?" Luo anauliza, sauti imeshuka.

"Niseme sitaki lifti, mimi ninayebebwa kama gunia? Mngesema nimechanganyikiwa. Na aliyechanganyikiwa ndiye anayepelekwa nyumba ya wazee haraka zaidi."

Ni kweli wangesema hivyo. Aliposhushwa kwenye kigoda cha Luo, Tan alimfunika mikono kwa taulo lake.

Mwana huyo wa pekee wa Mama Xiang, Ou Mingchuan, alipopigiwa simu na mwandishi alisema aliuliza kwa furaha tu. "Mama ana mashaka mengi tangu baba afariki," alieleza. Alipoulizwa moja kwa moja kama ana mpango wa kuuza, alisema kikao kinaanza, akakata.

Tan naye alikiri kwamba alijua tangu karatasi ya pili.

"Nilisikia chwaa karibu na sikio langu. Nikajua ni mkono wa nani, mgongoni nilikuwa na mtu mmoja tu."

Kwa nini basi alikubali kuitwa nyoka na kupoteza wateja saba?

"Mimi nikichukiwa hapa nitahamia mtaa mwingine. Yeye ataenda wapi? Ningesema, kila akipita mlango huu watu wangemtazama, na hana mlango mwingine. Nilimwambia mara moja tu, mama, leo acha. Akasema, acha nini? Nikanyamaza."

Luo hajaomba radhi. Alimtuma Dada Kou ampelekee Tan pakiti ya sigara, ingawa Tan havuti. Wateja watano wamerudi. Wawili hawajarudi, na kwenye ghorofa ya tatu bado kuna wanaosema walikula njama, kwamba aliyejua akanyamaza ni sawa na aliyechana.

Karatasi ya tano ilikaa siku zote kumi. Mama Xiang alipita mbele yake mara nne bila kuigusa, na wala hakupeleka pingamizi. Alisema amechoka kupigana na ukuta. Shimo la lifti litaanza kuchimbwa baada ya sikukuu za mwaka mpya.

Juma lililopita Tan alikuwa amekaa mlangoni akipumzika, alipofika mwanamke wa suti nyeusi na shada la funguo kiunoni. Alipiga picha madirisha ya juu, akasogea kwa adabu.

"Kaka, habari za kazi? Nasikia lifti inakuja. Ile nyumba ya ghorofa ya saba ikoje?"

Tan alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Wewe dalali?"

"Naulizia tu."

"Paa linavuja," Tan akasema taratibu. "Tangu mwaka juzi. Maji yanaingia kwenye nyaya za umeme, ukishika swichi inakutekenya. Mwenyewe hasemi, lakini mimi ndiye ninayeingia kila siku."

Mwanamke yule akaandika kitu kwenye simu yake, akashukuru, akashuka mtaani haraka kuliko alivyokuja.

Mwandishi aliyekuwa amekunywa chai mara tatu chini ya paa hilo, mara moja mvua ikinyesha, alimgeukia.

"Mzee Tan, paa linavuja kweli?"

"Ulilowa?"

"Hapana."

"Basi ukiandika, badilisha majina yetu na usitaje mtaa."

Ombi hilo limekubaliwa.

Tan amekwisha kuzungumza na mkandarasi. Anataka kubeba kifusi cha shimo la lifti, kazi ya yuani mia mbili kwa siku kwa miezi minne. Alipoulizwa haoni ajabu kuchimba shimo litakalomzika mwenyewe, alitabasamu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu tuonane.

"Nitakuwa mlangoni hapa kutwa," alisema. "Madalali watakuja wangapi katika miezi minne? Kila atakayekuja ataanza na mimi. Nitamweleza habari za paa."