Mzungu Aliyetunywesha Bure

Kwa miaka minne niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa koo langu lote, kwamba kuna mzungu mmoja aliyeacha pesa katika benki ya Nanyuki ili sisi tunywe bure mpaka Yesu arudi.

Usinicheke bado. Habari hii nilipewa siku niliyokubaliwa kuwa mwanachama wa klabu yetu pale Nyeri, na aliyenipa ni mwenyekiti mwenyewe, bwana mwenye tai tatu na shamba la kahawa upande wa Othaya. Klabu ilikuwa ya walowezi. Walipofunga mizigo baada ya uhuru, sisi tukarithi meza ya biliadi, kichwa cha nyati ukutani, na utaratibu wao wa chiti. Mwanachama halipi pesa mkononi. Anaandika kwenye kikaratasi kile alichokunywa na namba yake ya uanachama, kisha mwisho wa mwezi mweka hazina anajumlisha na kumdai. Sasa, mlowezi aliyekuwa na namba kumi na nne, mwenyekiti alinieleza, alitupenda mno hata akaiachia namba yake pesa zisizoisha. Ukiwa mfukoni huna kitu, andika kumi na nne.

Sikujiuliza kwa nini mzungu aliyekuwa akitufungulia mbwa tukipita karibu na miti yake ya plamu aanze kutupenda akiwa Uingereza. Mapenzi hayana masafa. Isitoshe, mimi nilikuwa msomi. Mchana nilikuwa karani wa stoo ya baraza, na jioni nilikuwa nimesoma uwekaji hesabu hadi nikapata cheti, ambacho nilikiweka kwenye fremu kubwa kuliko dirisha la nyumba yangu. Tulifundishwa kwamba kila kilichotoka mahali lazima kimetoka kwa mtu. Lakini hilo lilikuwa somo la Jumanne, na klabuni nilikuwa nikienda Jumamosi. Niliandika kumi na nne mpaka kalamu ikajua njia yenyewe.

Basi ada ya uanachama ikapanda. Ikapanda tena. Kamati ikatangaza kwamba baa ina upungufu na kwamba mwizi amejulikana: ni mzee wa baa. Huyu alikuwa mtu wa upande wa Kenol, mlokole ambaye hakuwahi kuonja hata povu, aliyeitumikia klabu tangu enzi za walowezi na kuishi na mke na binti yake katika chumba nyuma ya jiko. Aliambiwa ahame kabla ya mwezi kwisha. Nilimhurumia sana. Nilimnunulia soda, na kwa vile mimi ni mkarimu, nikaiandika kumi na nne.

Aliyeharibu starehe yetu ni mwanachama mmoja muuza vitambaa, Mwislamu wa Majengo, ambaye alikuja kwa ajili ya biliadi tu na kunywa soda ya tangawizi, tena akiilipia papo hapo kwa pesa taslimu, jambo ambalo wengi wetu tuliliona kuwa ukosefu wa ustaarabu. Alitaka kujua ni vipi mtu wa tangawizi anapandishiwa ada kwa ajili ya upungufu wa bia. Akaomba vitabu vikaguliwe, kama katiba ya klabu inavyotaka kila mwaka. Mwenyekiti alimjibu kwamba vitabu vya klabu si gazeti. Muuza vitambaa hakubishana. Alikwenda mahakamani.

Siku ya kesi tulijaa mahakamani kama tumekuja harusini. Kamati ilileta wakili kutoka Nairobi, mwenye sauti ya kutetemesha mabati, akasema klabu ni kama nyumba ya mtu, na mahakama haiwezi kuingia jikoni kwa watu kuhesabu vijiko. Hakimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza vitabu vilikaguliwa lini mara ya mwisho. Mwenyekiti akasema ni hivi karibuni tu. Hakimu akaomba karatasi. Karatasi ikaletwa, na juu yake palikuwa na taji la Malkia.

Hakimu alisema hana haja ya kujua nani hunywa nini. Ila wanachama walijiwekea sheria wenyewe, na wana haki ya kuona pesa zao zilikokwenda. Akaamuru vitabu vyote na chiti zote zikabidhiwe mkaguzi katika muda wa siku kumi na nne, na mzee wa baa asiguswe mpaka ripoti itoke. Niliposikia siku kumi na nne nilitabasamu. Hata mahakama iliijua namba yetu.

Mkaguzi alikuwa mtu mfupi, mpole, aliyekuja na chupa yake ya chai. Kamati ilinituma nimsaidie kupanga chiti, kwa sababu ya ile fremu. Siku ya tatu, kirundo cha kumi na nne kilikuwa Mlima Kenya wenyewe, kimekosa theluji tu. Mkaguzi akauliza huyu mwanachama ni nani. Mwenyekiti alikuwapo, na muuza vitambaa alikuwapo, lakini ni mimi niliyesimama. Nikaeleza habari za benki kwa ufasaha ambao shule ya jioni ingejivunia.

Mwenyekiti akamtazama nyati.

"Karani," muuza vitambaa akasema, "hiyo benki umeiona?"

Nikamwambia nimeipita mara nyingi.

Mkaguzi hakucheka. Alisema vitabu vinaonyesha chiti hizi zimelipwa kila mwezi, na chini yake pameandikwa neno moja tu: makato. Akaomba mzee wa baa aitwe.

Yaliyofuata baadaye mji mzima unayajua: kamati ilianguka, mzee akabaki na chumba chake, na sisi tuliokunywa tukachangishwa tumrudishie. Mimi niliuza baiskeli. Lakini ninachokumbuka ni mzee akiingia, akijifuta mikono, na kuweka mezani furushi la bahasha za mshahara, kila moja ikiwa na hesabu kwa mkono wa mweka hazina. Nami, nikiwa bado na tumaini, nikamuuliza kama si kweli kwamba mzungu aliacha pesa.

Alinijibu bila hasira, kama mtu anayekutajia bei.

"Hakuna benki, bwana karani. Yule mzungu alienda bila kulipa hata sigara yake. Hizo chiti nilikuwa nakatwa mimi kila mwisho wa mwezi, na yenye ilibaki ikaongezwa kwa ada ya hawa wengine. Niko na msichana amekaa nyumbani tangu mwaka jana juu ya karo. Mlikuwa mnakunywa mshahara yangu."