Nusu Pipa la Shayiri

Bandani kila mtu alimwita Bi Kufuli, na usidhani lilikuwa jina la mapenzi. Miaka ishirini na miwili alisimamia farasi kumi na wanne, na hakuwahi kumwonea mtu haya. Ukisahau jiwe kwenye kwato, utaambiwa. Ukipiga brashi kinyume cha manyoya, utaambiwa mbele ya wageni. Lakini ukiacha stoo ya nafaka wazi, hakuambii kitu, anakwenda moja kwa moja kwa bosi. Mwaka jana baba wa watoto wanne alifungashwa virago kwa kosa hilo, na Bi Kufuli hakupepesa jicho. Farasi hajui kushiba, alisema, wala hawezi kutapika. Akifakamia shayiri, tumbo linamuua. Tumbo lisipomuua, sumu inashuka miguuni na hasimami tena.

Sasa sikia yaliyompata mwenyewe. Asubuhi moja aliingia kazini akamkuta mfagizi, mwanamume wa makamo waliyemwita Mkimya, amepiga magoti mlangoni pa stoo anazoa punje kwa mikono.

"Dada," akanong'ona, "jana uliitundika kufuli bila kuibana. Nimemkuta Kipusa humu ndani. Nimemrudisha na nimefunga. Hakuna aliyeona."

Kipusa alikuwa farasi jike, fundi wa kufungua komeo kwa midomo. Bi Kufuli akakumbuka. Jana jioni simu ya dada yake ililia akiwa na ndoo mkononi, akajisemea narudi sasa hivi, asirudi. Akachungulia pipa. Lililojaa jana sasa lilikuwa nusu.

"Mpigie daktari," alisema.

"Nitamwambia tumbo tu linamuuma. Inatosha, dada."

Na yeye, mwenye mdomo wote ule, akanyamaza.

Daktari wa mifugo alipofika, bosi naye alikuwa ameshatoka nyumbani kwake na khanga ya kulalia. Kipusa alilowa jasho. Alikuwa akiparura sakafu kwa mguu wa mbele na kugeuka kila mara kulitazama tumbo lake. Daktari akamsikiliza ubavuni, akauliza amekula nini.

"Nyasi kavu tu, kama kila siku," Mkimya akajibu haraka.

"Basi ni gesi. Nitamchoma sindano ya maumivu, mumtembeze taratibu."

Akaanza kuvuta dawa kwenye bomba la sindano. Bi Kufuli alijua kitakachofuata. Sindano itamtuliza Kipusa, wote watasema amepona, na shayiri itabaki humo tumboni ikichacha. Akamtazama Mkimya. Mkimya akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayefukuza nzi. Tuseme ukweli, mama wa watu aliogopa. Umri wake hamsini na minne, kazi nyingine haijui, na yule baba wa watoto wanne wakikutana njiani, angemtazamaje usoni?

Daktari akashika shingo ya Kipusa kutafuta mshipa.

"Iweke chini hiyo," Bi Kufuli alisema. "Amekula shayiri. Nusu pipa, usiku kucha. Stoo niliiacha wazi mimi."

Bosi akamgeukia. "Na huyu mbona anasema nyasi?"

"Nilimwagiza mimi aseme hivyo."

Mkimya akafungua mdomo. Bi Kufuli akamkata jicho lile lile lililokuwa likimnyamazisha miaka yote, akaufunga.

Daktari hakungoja wamalizane. Alipitisha mpira puani hadi tumboni, akaingiza maji na kuyatoa, yakatoka na uji mchachu wa shayiri, ndoo baada ya ndoo. "Mngenificha hadi mchana, jioni tungekuwa tunatafuta pa kumzika," alisema. Akaagiza miguu yote minne ikae kwenye barafu, siku mbili, mchana na usiku.

"Mwaka jana ulinifanya nimfukuze mtu kwa kosa hili hili," bosi alisema.

"Ndiyo, mama."

"Barafu ikiisha, nawe uende."

"Sawa, mama."

Hakubembeleza. Kwa siku mbili alibeba barafu, akaivunja kwa nyundo, akaimwaga kwenye ndoo nne, akasinzia ameketi kwenye majani. Mkimya alimsaidia amenuna. Alisema mara moja tu:

"Ulikuwa umeshapona, dada."

"Mimi ndiyo. Na Kipusa je?"

Asubuhi ya tatu, barafu ikiwa imeondolewa tangu alfajiri, daktari alizipapasa kwato, hazikuwa na joto; sumu haikushuka. Wakamtembeza Kipusa uani, kwenda na kurudi, hakuchechemea hata hatua moja. Bi Kufuli, ambaye hakuna aliyewahi kuliona chozi lake, akamkumbatia shingoni akalia kwa sauti, mbele ya bosi na kila mtu. Alipomaliza alijifuta kwa mkono wa sweta.

"Asionje shayiri mwezi mzima," alimwambia Mkimya. "Atakulegezea macho huyu. Usimhurumie."

Akavua buti za kazi, akaenda zake.