Namba za Sikukuu ya Uhuru

Siku yangu ya kwanza ku kazi ya serikali ya kulinda samaki hapa Nchelenge, ku ziwa la mupaka na Kongo, Mukubwa wa Samaki, mutu mukali, alinipa kipande cha chaki. "Kila mutumbwi uandike namba. Bila namba, hatutajua nani anavua na nyavu za macho madogo." Nyavu zile zinamaliza samaki wachanga. Njo kazi niliyofanya miaka mingi, Puta, kisha kisiwa cha Kilwa humu humu ziwani, halafu Nchelenge tena.

Nilirudi mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati vita ya Kongo ilikuwa inatuletea bakimbizi kila siku. Sikukuu ya uhuru ikakaribia. Kwetu uhuru ni ngoma, kinywaji cha munkoyo na mashindano ya mitumbwi. Mukubwa mupya, mutu wa kucheka sana, akaniambia: "Mwaka huu na Bakongomani bashindane. Uwape namba bote!"

Nilifurahi, weye! Nikapita na chaki pwani ya bakimbizi, upande wetu, nikaandika namba ku mitumbwi yao. "Ni ya uhuru! Kesho asubuhi mitumbwi yote ikusanyike hapa." Balitazama chaki, bakaanza kukunja nyavu. Nikafikiri bamechoka tu.

Asubuhi pwani yao ilikuwa tupu. Tupu kabisa! Bote balikuwa bamekimbia usiku na mitumbwi. Na ziwa lilikuwa limechafuka vibaya. Tukawasha boti ya motere, tukamukuta mukimbizi mumoja, Mama Feza, muchuuzi wa samaki, anapiga kasia peke yake, maji yanaingia. Alipoona kofia yangu ya serikali, alipiga magoti mule mule mutumbwini, ndani ya maji.

"Papa, chukua mutumbwi. Chukua na samaki. Uniachie bwana yangu."

"Bwana gani, mama?"

Gunia za samaki zikatikisika. Mwanaume alikuwa amelala chini yazo.

Mayo wee! Mama Feza akanieleza huku analia: kule ng'ambo, asikari balikuja banasema banabaletea uhuru. Baliandika namba ku mitumbwi, bakasema kesho yote ikusanyike. Bakaichukua, na banaume bakapigishwa kasia kubeba risasi. Ndugu zake bote balienda, hakuna aliyerudi.

"Na weye ulikuja kutuambia vile vile," akasema.

Nilifuta namba ya mutumbwi wake na mukono wa shati, tukabavuta mpaka pwani. Mukubwa alisikia habari ile, akakaa chini pa muchanga. Hakucheka tena siku ile.

Sasa nimestaafu, niko pansheni, na Mama Feza ni jirani yangu. Batoto ba shule bananiita kila mwaka nibaeleze maana ya uhuru. Nabaambia baulize balimu babo. Kila sikukuu ile, bwana ya Mama Feza hatoki inje mpaka ngoma inyamaze. Naenda kwake, tunafunga mulango, nakaa naye.