Magurudumu Mawili Mabegani

Mama aliniambia Jumapili tukitoka kanisani, bila hata kunitazama: Jumamosi mchana mnunuzi wa vyuma chakavu angefika kwetu Waithaka na mzani wake, na baiskeli ya marehemu baba ingeondoka naye. Ilikuwa imeegemea banda la kuku tangu tulipomzika, tairi zote mbili zimeoza hadi nyuzi.

"Itembee au itoke," alisema. "Mimi nimechoka nayo."

Nilikasirika, na mimi hasira zangu haziko mbali. Baiskeli ile ilinipeleka shule miaka yote, nimekaa kwenye keria, nimeshika koti la baba. Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, nilitoka ofisini Hurlingham mbio hadi River Road, nikanunua tairi mbili za inchi ishirini na sita. Muuzaji aliniapia kwa Mungu.

"Siste, twenty-six ni twenty-six!"

Uongo mtupu. Miaka ile kila mtu alikuwa akinunua baiskeli za gia, na tairi zake nazo huitwa ishirini na sita, ila duara lake ni dogo kuliko la zile za zamani. Nilihangaika nazo jioni nzima nikizilazimisha kwa vijiko vya mama, hadi viwili vikapinda. Mama aliviokota, akavigeuzageuza, akarudi navyo jikoni. Afadhali angenitukana.

Jumamosi asubuhi nilifungua magurudumu yote mawili, nikayabeba, moja bega hili, jingine bega lile, nikarudi mjini. River Road walinicheka, na nilistahili.

"Madam, na gari yenyewe umeacha wapi?"

"Inakuja nyuma," nikawajibu. "Pisha njia."

Sasa, mwenye duka wa River Road hajui neno "sina." Ukimwomba kitu asichokuwa nacho atakuambia, "Iko, kaa hapo, nakuja sa hii," kisha atatoka mbio kukitafuta kwa mwingine. Wa kwanza alirudi na tairi, nikamwambia aivishe palepale mbele yangu. Haikuingia. Wa pili vilevile. Lakini nilikuwa nimeona kitu: wote wawili walikata kona kwenye kichochoro kilekile, karibu na wapiga chapa. Wa tatu alipoinuka, nami nikainuka, nikamfuata na magurudumu yangu.

Juu ya ngazi nyembamba alikaa mzee mwenye miwani, tairi zimening'inia darini kote. Hakuniuliza nambari. Alipitisha kidole gumba ukingoni mwa gurudumu, akacheka.

"Hawa wananiitisha twenty-six tu tangu asubuhi. Hakuna mtu ameniletea wheel nione."

Akavuta tairi mbili kutoka chini ya gunia. Ziliingia kwa vidole gumba, bila kijiko. Nilipiga kigelegele, mimi karani mzima wa ofisi, na yule wa tatu akaanza kutangaza kwamba ni yeye aliyenileta.

Nilipofika nyumbani, mnunuzi alikuwa amekwisha kufika, mzani mkononi, na mama amesimama kando ya baiskeli isiyo na miguu. Sikumsalimia mtu. Nilifunga magurudumu, nikaazima pampu kwa jirani, nikajaza upepo, nikapanda. Nilizunguka ua mara tatu nikipiga kengele, kuku wakitawanyika, nikisema kwa sauti kubwa, "Imetembea! Imetembea!"

Nilitaka kumcheka mama. Niliposimama mbele yake nikaona analia.

"Nilichoka kuiona imesimama," alisema. "Baba yako hakuwahi kuiacha isimame hivyo."

Akapangusa keria kwa leso yake, akakaa upande, akashika sweta yangu kwa nguvu.

"Tufungulie geti," akamwambia mwenye mzani. "Tunaenda kununua vijiko."