Siku Boti Ilipojiendesha

Mimi na kukaa kitako hatupatani. Wiki nzima naendesha pikapu ya kazi, Lodwar kwenda Kakuma, Kakuma kurudi Lodwar, na ikifika Jumamosi sitaki kuuona usukani wowote. Ndiyo maana boti yetu ndogo ya matembezi ilipofungwa otopailoti, kile chombo kinachoshika usukani chenyewe na kuipeleka boti upande uliouchagua, nilifurahi kupita kiasi. Mke wangu, ambaye ni mwalimu, alikisoma kijitabu cha maelezo chote. Mimi nilisoma ukurasa wa kuwasha.

Asubuhi hiyo tulitoka Kataboi, ziwa limetulia. Nikaelekeza boti kaskazini, nikabonyeza kitufe, nikaachia usukani. Ikaenda yenyewe. Nilikaa dakika mbili hivi, miguu ikaanza kuniwasha. Nikaenda nyuma kutupa mshipi, nikarudi, nikaenda tena, nikafungua sanduku la vifaa bila sababu yoyote.

"Baba watoto, kaa basi," mke wangu akasema. "Hicho chombo hakina macho."

Nikamwambia ziwa ni kubwa, tutamgonga nani huku? Nikampa mgongo, nikaanza kufungua fundo la mshipi.

Alipopiga kelele niliruka. Mbele yetu palikuwa na mzee juu ya chelezo cha magogo ya mikoma yaliyofungwa pamoja, karibu kiasi cha kuziona mvi zake. Nikaudaka usukani, nikaukata kushoto. Boti ikageuka kidogo, kisha ikarudi palepale, ikimfuata. Nikakata tena kwa nguvu zote, ikarudi tena. Sikuwa nimeizima otopailoti, na sasa ilikuwa ikishindana nami. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa barabarani. Mke wangu akanisukuma pembeni, akabonyeza kitufe chekundu, usukani ukalegea, akaukata yeye. Ndipo nikakumbuka kupunguza mwendo. Tulipita ubavuni mwa mzee, wimbi letu likakiinua chelezo, akapiga magoti na kuyakumbatia magogo.

Siku hizi chombo kikiwashwa, mmoja wetu hukaa mbele, macho majini, mkono karibu na kile kitufe. Penye nyavu au vyelezo hatukiwashi kabisa. Zamu yangu ikifika bado natikisa goti kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari, lakini sinyanyuki.

Siku ile tulizima injini, tukamsogelea mzee kwa kasia.

"Ejok," nikamsalimu kwa lugha yake, nikaona aibu papo hapo.

Alikuwa bado amepiga magoti, maji yakimchuruzika.

"Mimi naona nyinyi kutoka mbali," akasema. "Boti nakuja moja kwa moja, haigeuki. Nikasema, hawa watu nakuja kusalimia mimi. Nikaacha kupiga kasia, nikangoja nyinyi."