Huku ya Kasilda

Kasilda anafua nguo za watu Musinzira, mjini Gitega. Zamani alikuwa na mume na binti kule Butihinda, mkoani Muyinga. Mume alichukuliwa na maji. Binti alichukuliwa na neno.

Kasilda alikulia Kigoma, akalelewa na Watanzania baada ya wazazi wake kufia ukimbizini, kwa hiyo Kirundi alikijua cha kuombea chumvi tu. Mumewe, Kasiano, hakujali. Naye alikulia hukohuko pamoja na mdogo wake Eliud, aliyesoma darasa moja na Kasilda. Aliyejali ni mama mkwe, Melania.

"Kasiano katuletea redio ya Tanzania," aliwaambia majirani. "Inaongea siku nzima, hakuna anayeielewa."

Kasiano alikuwa na kifafa. Asubuhi moja alishuka bondeni kuchota maji, kikamkamata ukingoni, akafa kifudifudi katika maji yasiyofika magotini. Kasilda alikuwa upande wa pili wa mlima, anapalilia maharage peke yake.

Baada ya matanga, ukoo ulikaa uani kuamua kama mjane atabaki na shamba na mtoto wake, Emiliana. Kasilda alisimama, Kirundi kikamkimbia, akasema kwa Kiswahili:

"Naumia, wazee wangu. Nilikuwa naimba huku mume wangu akizama."

Wazee wakamgeukia Eliud awatafsirie.

Eliud alilijua neno hilo. Shuleni Kigoma aliandika sentensi nyingi za namna hiyo: mama anapika huku akiimba. Alijua linafunga pamoja mambo mawili ya wakati mmoja, hata yakitokea mahali tofauti. Alijua pia kwamba shamba la marehemu limepakana na lake. Akasema *hano*, yaani hapa. Shemeji yake alikuwa anaimba hapa, kando ya mto, mume anazama.

"Siyo hano!" Kasilda aliruka. "Wakati! Nasema wakati ule ule!"

"Umesema huku," Melania alidakia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mi nimesikia na masikio yangu. Huku ni hapa. We uko naimba, mutoto yangu iko nakufa!"

"Shemeji Eliud, waambie basi!"

"Nimewaambia ulichosema, shemeji."

Mtu mmoja nyuma akacheka. "Muulizeni, uliimba wimbo gani?"

Kila alivyobadilisha maneno, ndivyo alivyoonekana anatunga uongo. Kabla jua halijapanda sana iliamuliwa: yeye aende, mtoto ni wa ukoo.

Siku hizi humpigia binti yake Jumapili, kwenye namba ya Eliud kule Butihinda, maana namba nyingine hana. Emiliana amekua. Kiswahili kimemtoka, Kirundi chake ni cha mbio. Mara ya mwisho aliongea kwa muda mrefu, sauti ikizidi kupanda, na Kasilda akashika maneno mawili tu: mama, na *oya*, hapana.

"Anasemaje, shemeji? Nieleze, tafadhali."

"Anasema usipige tena," Eliud alijibu, huku nyuma yake mtoto akiendelea kuongea.