Gazeti Lililotangulia Jumamosi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja asubuhi, nikakuta ofisi imefungwa. Nikasimama mlangoni hadi saa mbili na nusu. Mkuu wa Shule alipofika aliniuliza kama najua kupiga taipu. Nikamjibu kwamba najua, na sikudanganya, ila mashine yenyewe nilikuwa sijawahi kuigusa. Nilijifunza nyumbani kwetu Masinya, juu ya kipande cha boksi nilichokichorea herufi zote kwa mpangilio wake, na kwa miezi minane nilikuwa nikiligonga boksi hilo kila jioni baada ya kutoka shambani. Aliponipa barua ya kunakili, vidole vilikwenda mahali pake bila matatizo. Kilichonishtua ni kelele. Boksi halikuwa na kelele.

“Unaandika vizuri,” alisema Mkuu wa Shule, “lakini kwa nini unaruka kila ukigonga?”

Nikapewa kazi kwa majaribio ya miezi sita. Kwa ninyi mnaoanza kazi za ofisi siku hizi, majaribio maana yake ni kwamba unafanya kazi kama mtu aliyeajiriwa, na unalala usingizi wa mtu ambaye hajaajiriwa. Mwisho wa muda huo bodi ya shule ingenithibitisha au ingenirudisha Masinya kwenye mihogo.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ungali mpya. Shule yetu ya sekondari ilikuwa nje kidogo ya Tororo, upande wa Rubongi, na wanafunzi wake walitoka pande zote mbili za mpaka. Baba wa huyu alikuwa mkulima wa Kijopadhola upande wa Uganda, mama wa yule muuza samaki wa Busia upande wa Kenya. Kwa hiyo barua za shule ziliandikwa Kiingereza, lakini gazeti la kila juma lililopelekwa kwa wazazi liliandikwa Kiswahili, lugha ambayo wote waliielewa na hakuna aliyeweza kudai kuwa ni ya kwao.

Gazeti hilo, tuliloliita Habari za Juma, lilikuwa karatasi moja, mbele na nyuma, na lilikuwa mikononi mwangu. Lilitengenezwa kwa stensili, yaani karatasi laini iliyopakwa nta. Unaondoa utepe wa wino kwenye taipureta ili herufi zikate nta yenyewe. Ukikosea, unapaka dawa nyekundu kwa brashi ndogo, unapuliza, unasubiri ikauke, unagonga tena. Ukigonga herufi ya duara kwa nguvu mno, katikati yake hudondoka, na wazazi wanapata ukurasa wenye madoa meusi kama uliotembelewa na nzi. Kisha stensili inavishwa kwenye pipa la mashine ya kuzungusha kwa mkono, na unazungusha nakala mia mbili.

Habari zenyewe nilizikusanya kwa mwalimu wa zamu: bweni lililoongoza kwa usafi, mada ya mdahalo, wanafunzi waliolazwa, michezo. Bweni la pili liliongoza kwa usafi majuma saba mfululizo. Nilipochunguza niligundua kwamba ndilo pekee lililokuwa na ufagio.

Shida ilikuwa basi. Basi la kwenda Busia kupitia Malaba lilipita shuleni Jumamosi alfajiri, na wazazi walichukua nakala zao sokoni siku hiyohiyo. Likikosa basi hilo, gazeti lilikaa hadi katikati ya juma lililofuata. Kwa hiyo stensili ilikatwa Alhamisi, ikazungushwa Ijumaa, na mambo ya Jumamosi, ambayo ndiyo wazazi waliyoyapenda, yaliandikwa kabla hayajatokea. Mkuu wa Shule alinipa kanuni yake.

“Bwana Karani, andika kitakachotokea kana kwamba kimetokea. Ila usiandike kitu ambacho mtu anaweza kukikanusha.”

Karani aliyenitangulia aliifuata kanuni hiyo kikamilifu. Kila juma aliandika kwamba vijana walicheza kwa moyo. Mimi ni mtu wa kupenda vipimo, na jambo hilo lilinisumbua. Nikaanza kuongeza saa, hesabu na majina. Kabla ya kuandika nilimuuliza kila mhusika atafanya nini, nikayaandika majibu yake kama mambo yaliyokwisha. Kwa miezi mitano hakuna aliyelalamika. Niliamini nimeiboresha kazi.

Katika mwezi wa sita ilitangazwa kwamba Mwenyekiti wa bodi atatutembelea Jumamosi. Alikuwa mfanyabiashara wa ngozi pale Malaba, mtu mnene, mtaratibu, na yeye ndiye angetia sahihi uthibitisho wangu. Nikaandika habari ndefu kuliko zote nilizowahi kuandika. Kwamba Mwenyekiti aliwasili saa nne kamili. Kwamba kwaya iliimba nyimbo tatu, na ya nne kwa ombi lake mwenyewe. Kwamba alikula wali kwa kuku, kwa sababu mpishi aliniahidi kuku. Kwamba alitoa hotuba fupi iliyogusa mioyo, na wanafunzi wakashangilia kwa muda mrefu. Kwamba katika kandanda vijana wetu walifungwa na timu ya Rubongi bao moja kwa bila. Hilo la mwisho lilitokana na uchunguzi: tulikuwa hatujawahi kuwafunga.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana lilikuwa kosa la utaratibu. Palikuwa na agizo kwamba nakala ya kwanza, iliyo safi kuliko zote, ipelekwe kwa Mwenyekiti. Ijumaa jioni nikaitia kwenye bahasha. Jumamosi alfajiri kondakta wa basi akaishusha dukani kwake Malaba, akamkuta anafunga tai ili aje kwetu.

Aliwasili na gazeti mfukoni. Wanafunzi walikuwa mistari miwili langoni. Alitazama saa yake, akalitoa gazeti, akalisoma, akatazama saa tena.

“Mwalimu Mkuu,” alisema, “mimi nimechelewa dakika kumi na mbili. Hapa inasema nafika saa nne kamili. Samahani sana.”

Mkuu wa Shule akanigeukia. Sijawahi tena kutazamwa namna hiyo, hata na ng'ombe.

Kwaya ikaimba nyimbo zake tatu na kuanza kutoka. Mwenyekiti akainua kidole. “Bado. Sasa mimi naomba ya nne.” Wanafunzi hawakuwa na wimbo wa nne. Wakarudia wa kwanza polepole, na yeye akaweka alama ya kalamu kwenye gazeti.

Nilikimbilia jikoni. Mpishi wetu, Mama Apio, alikuwa anakoroga sufuria la maharage.

“Mama, kuku wako wapi?”

“Kuku gani?”

“Uliniahidi Alhamisi.”

“Alhamisi nilikuwa nao. Ijumaa ikaja, walimu wakala. Sasa wewe Karani, ukiandika kuku, mimi nimtoe wapi? Kwenye taipureta?”

“Mzee anafuata gazeti mstari kwa mstari.”

Alifikiri kidogo, akaufuta mwiko, akatazama nje dirishani, mahali ambapo jogoo wa Naibu Mkuu alikuwa anatembea bila wasiwasi. “Wewe zungukia kule kwenye kuni,” alisema. “Na ukiulizwa na Naibu, mimi sikukuona.”

Saa saba Mwenyekiti alikula wali kwa kuku. Alitafuna kwa muda mrefu, maana jogoo yule alikuwa na umri, akatia alama nyingine. Naibu Mkuu naye alikula, akasifu upishi.

Ukafika wakati wa hotuba. Mwenyekiti alisimama mbele ya shule nzima, akavaa miwani, akasoma kimyakimya, kisha akasema: “Hotuba yangu ni fupi. Imegusa mioyo. Sasa nyinyi shangilieni muda mrefu.” Akaketi. Wanafunzi walishangilia kweli, na kila sauti zilipopungua aliwaonyesha kwa mkono waendelee.

Kabla ya mpira akaniita. Nilisimama mbele yake na Mkuu wa Shule, nahodha wa timu yuko karibu.

“Wewe ndiyo Karani?”

“Ndiyo, Mzee.”

“Uthibitisho yako iko mezani kwangu. Sasa imebaki moja tu, hii ya mpira. Kama vijana wanafungwa moja bila, wewe si karani, wewe mganga, na shule hii haina kazi ya mganga. Kama hawafungwi, wewe mwongo. Jumatatu tutajua.”

Nahodha alinigeukia. “Bwana Karani, kumbe sisi tumefungwa tangu Alhamisi?”

“Niliangalia kumbukumbu za nyuma,” nilimwambia.

“Basi angalia na za mbele.”

Walicheza kama watu waliotukanwa. Kipindi cha kwanza Rubongi wakapata bao, nikaona uganga umenifikia. Kipindi cha pili vijana wetu wakasawazisha, na dakika za mwisho nahodha mwenyewe akafunga la pili. Shule nzima iliingia uwanjani. Mimi nilibaki nimekaa kwenye nyasi, mwongo kamili, nikipiga makofi.

Baada ya chakula cha jioni nilikaa nikafanya hesabu yangu. Mtu aliyekosea kwenye stensili hapigi kelele; anapaka dawa, anasubiri, anagonga tena. Nikaomba ufunguo wa ofisi, nikakata stensili mpya yenye kichwa cha habari Masahihisho. Niliandika kwamba Mwenyekiti aliwasili saa nne na dakika kumi na mbili. Kwamba wimbo wa nne ulikuwa ule wa kwanza. Kwamba kuku alikuwa jogoo, mali ya Naibu Mkuu, na alichukuliwa bila ruhusa na Karani, ambaye atalipa jogoo mwingine. Kwamba hotuba ilikuwa na maneno sita. Kwamba vijana wetu walishinda mawili kwa moja, na Karani anawaomba radhi. Nilizungusha nakala mia mbili, na Jumapili asubuhi nikazifunga kwenye baiskeli, nikaenda Malaba.

Nilimngoja Mwenyekiti nje ya kanisa. Aliisoma karatasi palepale, amesimama juani, mkewe akimvuta mkono. Alipofika kwenye jogoo alitikisika mabega. Alipomaliza akarudi juu kwenye hotuba, akahesabu kwa vidole.

“Kweli ni sita,” alisema. “Hayo ya kushangilia hukuhesabu?”

“Hayo yalikuwa maagizo, Mzee. Si hotuba.”

“Na hizi zingine unapeleka wapi?”

“Busia, Mzee. Kwa wazazi wote waliopata zile za jana.”

“Na hii baiskeli?”

“Ndiyo.”

Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Nilikwenda Busia, nikazigawa, nikarudi miguu ikiwa haina nguvu hata ya kushuka.

Jumatatu Mkuu wa Shule aliniita nipige taipu barua. Alikuwa ameshika karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa Mwenyekiti, na akaanza kuisoma ili niigonge. Ilikuwa barua yangu. Karani hupiga taipu barua zote za shule, na hakuna mwingine wa kuipiga yake.

“Kwa Bwana Karani. Kuhusu kazi yako ya majaribio.” Nikagonga. “Bodi imetafakari kwa makini mambo ya Jumamosi.” Nikagonga. “Na kwa sababu hiyo, bodi haina njia nyingine ila.” Hapo simu ikalia. Mkuu wa Shule alizungumza na mtu wa mahindi kwa dakika tisa. Niliketi mbele ya neno *ila*.

Aliporudi aliendelea kwa sauti ileile: “Kukuthibitisha, kwa sharti kwamba gazeti litoke Jumanne.”

Barua hiyo ninayo bado. Baada ya neno *ila* herufi zote zimepanda juu ya mstari.

Nilifanya kazi chini ya wakuu wanne hadi nilipostaafu, na gazeti lilitoka Jumanne miaka yote. Tulipata mtu wa kulipeleka, na hatukuandika tena jambo ambalo halijatokea. Wakati nakusanya vitu vyangu nilifikiri hilo ndilo ninaloweza kujivunia. Kisha nikapita Busia kuwaaga wazazi niliowazoea, na muuza samaki mmoja mzee akanishika mkono.

“Karani, ulifanya kazi nzuri,” alisema. “Ila hiyo gazeti yenu ilipoa. Zamani tulikuwa tunajua mpira Jumamosi asubuhi.”